Kumwosha Mwanahiti

Kitabu nilikipata kwenye baraza la nyumba ya meneja, katika shamba moja la mkonge upande wa Kimamba. Mashamba makubwa yalikuwa yametaifishwa, meneja Mzungu ameondoka na mkewe, na nyumba yao ilikuwa inageuzwa kuwa ofisi. Mimi nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi mjini Kilosa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikasomea ualimu kidogo, na siku hiyo nilikwenda kuomba meza mbovu tukazitengeneze shuleni. Karani wa shamba alikuwa amekalia rundo la vitabu, anavuta sigara.

"Chukua na hivi, mwalimu," akaniambia. "Mimi nimeshachagua vya mapishi, mke wangu anapenda picha za keki. Hicho kikubwa nimekuachia. Kimejaa wagonjwa."

Nilikifungua pale pale. Hakukosea sana. Kulikuwa na mwanamke mwenye macho mawili upande mmoja wa pua, na mwanamume mwenye uso wa kijani. Kulikuwa na gitaa lililovunjwa vipande na kupangwa upya na mtu ambaye ni dhahiri hakutaka lilie tena. Nilicheka kwa sauti. Kisha nikafungua ukurasa mwingine, na mwingine, mpaka karani akaniuliza kama meza bado nazitaka.

Kilikuwa kitabu cha Kiingereza juu ya sanaa mpya ya Ulaya, tangu wachoraji walipoacha kuchora kitu kama jicho linavyokiona. Kiingereza chake kilikuwa kigumu kuliko kile tulichofundishwa. Nilikuwa nakisoma jioni, kamusi upande huu, kitabu upande ule, na kila nilipoelewa ukurasa mmoja nilijiona nimepanda mlima. Nilijifunza kwamba kulikuwa na makundi, moja baada ya jingine, kila moja likidai lililotangulia limekwisha. Walikuwapo waliopaka rangi kwa hasira, miti myekundu na nyuso za zambarau. Walikuwapo waliouvunja uso kuwa mapande ili uuone mbele na ubavuni kwa wakati mmoja. Wengine walisifu mashine na mwendo kasi, wakatamani majumba yote ya sanaa za kale yachomwe moto. Mmoja alichora mraba mtupu akasema basi, tumefika. Mwingine alichukua chombo cha dukani, akakiweka juu ya jukwaa, na watu wakakizunguka wakijadiliana.

Hilo la mwisho nililijaribu darasani. Niliweka jembe juu ya meza, jembe lile lile la bustani ya shule, nikawauliza wanafunzi wa darasa la saba: "Hii ni nini?"

"Jembe, mwalimu."

"Likiwa juu ya meza, limesafishwa, halilimi, bado ni jembe tu?"

Msichana mmoja wa nyuma akanyoosha kidole. "Mwalimu, kwani leo ni zamu ya darasa letu kulima?"

Walimu wenzangu waliisikia hadithi hiyo wakaifanya salamu. Kila nilipoingia ofisini mmoja wao angeinua kikombe cha chai na kuuliza, "Hiki nacho ni sanaa, au ninywe?" Mwalimu mkuu, mtu mzima mpole, aliniambia niendelee na utafiti wangu, ila bustani isikose kulimwa. Nami niliendelea. Nililishika neno hilo, utafiti, na nililipenda. Nyakati zile kila mtu alikuwa anajenga kitu. Mimi nilijiona nimepewa kazi ya kueleza kwa nini Wazungu walivunja nyuso.

Jibu nililipata katika kitabu chenyewe, katika sura ambayo nusura niiruke. Mwandishi alisema kwamba vijana wale wa Ulaya waliona vinyago vya Afrika katika majumba ya makumbusho, wakapigwa na butwaa, wakarudi vyumbani mwao na kuanza upya. Chini yake palikuwa na picha ya sanamu ya Mzungu mmoja wao: kiwiliwili kilichonyooka kama mche, bila mikono, bila miguu, kichwa kimegawanyika juu, uso bila macho. Mwandishi aliisifu kwa maneno mengi. Alisema imevuliwa kila kisichohitajika mpaka likabaki umbo peke yake.

Nilikuwa nimemwona huyo. Nilimwona nikiwa mtoto, nyumbani kwetu upande wa Zombo, mgongoni mwa dada yangu.

Niseme kwanza mwanahiti ni nini, maana vijana wengi hawamjui. Kwa watu wa mama yangu, msichana akivunja ungo huwekwa ndani, na anaitwa mwali. Hutunzwa na wanawake, hufundishwa, haonekani na wanaume mpaka siku ya kutolewa. Akiwa ndani hupewa mtoto wa mti, ndiye mwanahiti. Mwali humwogesha, humpaka mafuta, humvika shanga, humsuka, humlaza pembeni yake. Akimtunza vizuri, wanasema, atawatunza na watakaokuja. Huyo wetu alikuwa wa zamani kuliko kumbukumbu ya mama yangu. Kichwani alikuwa na nywele za kweli, zilizogandishwa kwa nta. Kila mwali aliyewekwa ndani alikatwa nywele kidogo, zikaongezwa juu ya zile za waliomtangulia. Nywele za mama yangu zilikuwa pale, na za bibi yake, na za dada yangu.

Na kwetu ukoo hufuata upande wa mama. Watoto wangu mimi ni wa ukoo wa mke wangu. Watoto wa dada yangu ndio watu wetu. Dada alizaa mara nne na akabakiwa na binti mmoja. Ukoo mzima wa mama yangu ulikuwa umesimama juu ya msichana huyo, na mimi ndiye nilikuwa mjomba wake, mwenye neno la mwisho katika mambo yake. Naomba msomaji aliweke hilo moyoni, kwa sababu mimi sikuliweka.

Nilichora mwanahiti kwa kumbukumbu, nikaandika maelezo marefu kwa Kiingereza, nikayapeleka kwa mhadhiri wa sanaa wa chuo kimoja huko Dar es Salaam. Nilikuwa nimesoma gazetini kwamba anatafuta watu wa wilayani wenye kupenda mambo hayo. Sikutegemea jibu. Akanijibu kwamba atapita Mikumi akiwapeleka wageni mbugani, nikamwone hapo.

Nilipanda treni ya Kilosa kwenda Mikumi nikiwa nimevaa suruali yangu ya kuolea. Tulikutana katika hoteli ya chai kando ya barabara kuu, malori ya Zambia yakipita na kututetemeshea vikombe. Alikuwa mtu wetu, Mwafrika, aliyesoma Ulaya miaka mingi. Shati lake lilikuwa la kitenge na viatu vyake vilikuwa vya ngozi nzuri. Aliongea nami kama mtu sawa naye, na hakuna aliyewahi kuongea nami juu ya mambo yale bila kucheka.

"Umekisoma chote?" aliniuliza, akigonga kitabu changu kwa kidole.

"Mara tatu, mzee."

"Usiniite mzee. Hata wanafunzi wangu hawakisomi mara moja." Akaushika mchoro wangu mbali kidogo na macho. "Hii ni nzuri. Unachosema ni kwamba wale walidhani wanakwenda mbele, kumbe wanakuja huku. Ndiyo?"

"Ndiyo."

"Nakubaliana nawe. Lakini huu ni mchoro, ndugu yangu. Mchoro ni porojo. Mtafiti huleta kitu. Nitafanya maonyesho, picha za sanaa mpya upande mmoja, vitu vyetu upande wa pili, watu waone kwa macho yao. Niletee kitu chenyewe, nawe utasimama pale ukieleze. Halafu nitakuombea nafasi chuoni. Mtu kama wewe anaozea nini Kilosa?"

Nilirudi na treni ya mchana, dirisha wazi, nikiona mashamba yanapita, na swali lile likinizunguka kichwani. Ninaozea nini? Kabla ya kufika Kilosa nilikuwa nimeshaamua. Nilijua pia kwamba wakati huo huo binti wa dada yangu alikuwa ndani, amewekwa mwali, na mwanahiti alikuwa naye. Sikuona hilo kama kizuizi. Niliona nina ufumbuzi.

Nilichonga mwingine. Nilichukua gogo la mninga kutoka karakana ya shule, nikafunga mlango wakati wa likizo, nikachonga kwa patasi mpaka viganja vikaota malengelenge. Sikumfuata mwanahiti wa kwetu sawasawa. Nilimrekebisha. Nilinyoosha pale alipopinda, nikapunguza kifua, nikapasua kichwa katikati kwa mstari safi kama ule wa kitabuni. Kitabu kilikuwa kimenifundisha kwamba umbo ndilo kila kitu, na kwa umbo wangu alikuwa bora. Niliamini kabisa kwamba nawapelekea zawadi.

Nilifika nyumbani kwa baiskeli. Mama yangu alikuwa amekaa kizingitini mwa nyumba ya mwali, miguu ameinyoosha, anapepeta mtama. Dada yangu alikuwa jikoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekonda. Hawawalishi huko mjini?"

Dada alitoka akifuta mikono. Nilimwamkia, akaitikia, akalitazama furushi langu. "Mwalimu leo kaja na mzigo. Umetuletea sukari?"

Nilieleza. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, kama niko ubaoni. Niliwaambia juu ya Ulaya.

"Ulaya ipi?" dada akauliza. "Hii ya hapa jirani, au ya Wazungu?" Maana kiko kijiji cha karibu yetu kinachoitwa hivyo, na ni mzaha wa kila siku. Tulicheka wote watatu. Ndiyo mara ya mwisho tuliyocheka pamoja.

"Nataka kumwazima mwanahiti," nikasema. "Kwa siku chache. Atarudi kabla mwali hajatolewa."

Ungo wa mama ulisimama.

"Mtoto anaazimwa?" dada akasema. "Mpaka leo pampu ya baiskeli ya jirani hujairudisha, unakuja kuazima mtoto?"

"Nimeleta mwingine wa kushika nafasi yake." Nikafungua furushi, nikamweka mninga wangu juu ya mkeka. Alikuwa hana doa, mpya, ananukia.

Mama akanyoosha mkono, akampapasa kichwani palipokuwa wazi, akaurudisha mkono wake pajani.

"Baba," akaniambia kwa upole, "mjomba kazi yake ni kumwombea mwali. Hamwombi mwali kitu."

Hapo ningeweza kurudi nyuma, na maneno yale yalikuwa mlango uliofunguliwa wazi kabisa. Badala yake niliona aibu, na aibu ilinitia hasira. Nikasema mambo ya mjini. Nikasema nchi imekuwa huru na bado sisi tunalaza vijiti kama watoto. Nikasema wasomi watavipa vitu hivi heshima ambayo sisi wenyewe hatujui kuvipa. Kisha nikasema, na sauti yangu naisikia mpaka leo, "Na mimi ndiye mjomba. Nimesema."

Kwetu neno hilo likishasemwa, hakuna wa kulijibu. Dada aliingia ndani. Nilisikia minong'ono. Akatoka na mwanahiti amefunikwa kaniki, akamweka mikononi mwangu bila kunitazama, akamchukua wa mninga na kurudi naye gizani. Mwali haongei na mwanamume, na mimi sikumwona. Lakini ukuta ulikuwa wa udongo, na nilimsikia akimwambia mama yake:

"Mama, huyu baridi."

Kilosa, alasiri ile nilipofika, nilimtoa mwanahiti kwenye kaniki na kumweka karibu na picha ya kitabuni. Sikuridhika. Wa kitabuni alikuwa safi. Wetu alikuwa mweusi kwa mafuta na moshi wa miaka, ameganda, shanga zimemzonga shingoni na kiunoni, na kichwani ana lile tonge la nywele, zito, lenye harufu ya mafuta ya nyonyo. Umbo halikuonekana. Mhadhiri hakuwa amenituma kufanya lolote. Hili ni langu mwenyewe.

Nilikata uzi wa shanga. Nilichukua kisu nikabandua nta, na nywele zikatoka kama kofia, kwa kipande kimoja. Nikampeleka bombani nyuma ya shule na sabuni ya mche na brashi ya kusugulia sakafu. Nilimsugua mpaka maji ya kahawia yakawa meupe. Nilipiga mluzi. Mti wenyewe ukatokea, wa rangi ya asali, una mistari mizuri, na nikaona alama za patasi ya mtu aliyekufa zamani sana, na moyo wangu ulijaa furaha ambayo siwezi kuikana. Alikuwa mzuri. Alifanana na picha. Nywele nilizitupa shimoni pamoja na takataka za bustani, na darasa la tano, zamu yao, wakachoma moto.

Maonyesho yalifanyika Dar es Salaam, katika ukumbi wenye kuta nyeupe, na mwanahiti nilikuwa nimemtanguliza kwa mhadhiri. Nilikwenda nikiwa na nia ya kurudi naye. Hilo nalisema kwa haki. Nilimkuta amesimamishwa juu ya sanduku jeupe, taa moja inamwangaza kutoka juu, na ukutani nyuma yake picha kubwa ya sanamu ile ya Mzungu. Kikaratasi kilisema "Mchongaji hajulikani." Watu walipita na bilauri mikononi. Mhadhiri akagonga meza, akasema anataka wamsikilize mtafiti kutoka Kilosa.

Nilisimama mbele yao. Nilieleza makundi yote, moja baada ya jingine, na jinsi kila moja lilivyovua kitu mpaka likabaki umbo. Walisikiliza. Mama mmoja wa makamo, mwenyeji wa Pwani kwa lafudhi yake, akauliza:

"Mwalimu, samahani. Huyu kwetu ana kazi yake. Yuko hapa, na mwali je?"

Nilimwona mhadhiri akinitazama. Nikajibu, "Hapa matumizi si muhimu, mama. Tunatazama umbo."

Watu wakapiga makofi. Yule mama akakaza mtandio wake na kuondoka.

Baadaye mhadhiri aliniweka pembeni. Alisema kuna wageni wanaotaka vitu vile vizungushwe nchi za nje, miezi michache tu, na jina langu litatajwa. Na ile nafasi ya chuo iko njiani. Ningesema hapana, angenipa mwanahiti wangu pale pale. Hakuwa mtu mbaya. Nilitikisa kichwa kukubali.

Niliporudi Kilosa niliambiwa watu wa upande wetu wamehamishwa. Ulikuwa wakati wa kuhamia vijijini. Tulikuwa tumeimba nyimbo zake shuleni, na mimi mwenyewe nilichora mabango, watu wa mapande mapande wameshika majembe. Nilijua uhamisho utafika kwetu. Nilidhani utafika taratibu, kama mambo yote ya serikali.

Nilikwenda kwa baiskeli, nikakuta nyumba hazina mapaa. Nyumba ya mwali ilikuwa imesukumwa ukuta mmoja, na ndani, katika mwanga wa mchana ambao haukustahili kuingia mle, nilimwona mninga wangu amelala chali. Hakuna aliyemgusa. Niliendelea na baiskeli mpaka kijiji kipya, uwanja uliofyekwa kando ya barabara, familia zimekaa chini ya majani na vyombo vyao. Mama yangu alikuwa amelala, ana homa. Dada alinisimulia akiwa anachochea moto.

"Walikuja asubuhi na lori. Mgambo, vijana, wengine tunawajua. Nikawaambia, humu mna mwali, subirini tumtoe kwa heshima. Mmoja akasema mwali ataendelea kuwa mwali huko huko. Tukamtoa. Mchana, uso wazi, bila ngoma, bila hata kanga mpya. Akapandishwa juu ya magunia, wanaume wanamtazama."

Nikauliza swali la kijinga. "Alikuwa ameshika nini?"

Dada akaacha kuchochea. "Mikono yake. Ulimwachia kingine?" Kisha akasema, "Huyo wako tulimwacha. Hata mgambo hawakumtaka, na walichukua mpaka kinu. Wa kwetu yuko wapi?"

Nikamwambia anasafiri. Nikamwambia na juu ya nywele, maana niliona nisipomwambia siku ile sitamwambia kamwe. Hakupiga kelele. Alijishika kichwani, pale zilipokatwa zake alipokuwa msichana, akabaki hivyo mpaka maji yakachemka na kumwagika motoni.

Mwanahiti hakurudi. Nilikwenda Dar es Salaam nikaambiwa bado anazunguka. Nilipokwenda tena mhadhiri alikuwa amepata kazi nje, na aliyeshika nafasi yake alinipa kiti, akanisikiliza, akasema hajui lolote. Nafasi ya chuo haikuwahi kuwapo, au ilipewa mwingine. Niliendelea kufundisha hesabu na siasa mpaka nikastaafu. Sanaa sikufundisha tena.

Mpwa wangu aliolewa na kijana mkata miwa wa Ruhembe. Mtoto wa kwanza alizaliwa amekufa. Wa pili aliishi mpaka kuanza kukaa, kisha degedege likamchukua. Wa tatu hakufika. Sisemi kwamba ni mti ule. Mganga wa zahanati alisema damu, akasema malaria, na huenda alisema kweli. Wanawake wengi wa miaka ile walizika watoto, na mwanahiti wao alikuwa amelala salama nyumbani. Lakini wale wengine waliozika walipewa pole. Mpwa wangu alipewa sababu. Kila kisimani, kila msibani, alikuwa ndiye yule ambaye mwana wake alinyolewa na kupelekwa kwa Wazungu, aliyetolewa ndani mikono mitupu. Wakwe zake waliirudia hadithi hiyo mpaka mumewe akaichoka, akamrudisha kwao. Hadithi hiyo niliitunga mimi. Na yeye mwenyewe aliiamini, ndilo baya zaidi. Aliacha kutafuta mume mwingine akiwa bado binti mbichi.

Mama alikufa katika kijiji kile kipya akiwa anajua kwamba hakuna anayekuja baada ya mjukuu wake. Dada alimfuata miaka mingi baadaye. Alipougua nilikwenda kumwuguza, akanikubalia uji na maji. Ila kila nilipoanza kusema, "Dada, lile jambo," alifumba macho akajifanya amelala.

Mpwa wangu yupo. Ni mama mtu mzima sasa, anaishi peke yake katika nyumba ya matofali aliyojenga kwa jasho la mpunga. Hajawahi kuacha kuniamkia. Kila nikifika hupiga goti kidogo, "Shikamoo, mjomba," na mimi huitikia marahaba. Mara nyingine natamani angenitukana.

Mwaka huu binti yangu, anayefanya kazi ofisini Morogoro, alinionyesha kwenye simu yake picha za vitu vyetu vilivyoko katika majumba ya makumbusho ya nje. Akaniambia siku hizi wapo wanaodai virudishwe, na vingine vinarudi. Miongoni mwa picha zile kulikuwa na mwanahiti aliyesuguliwa, rangi ya asali. Sikuweza kuapa kuwa ni yeye. Lakini nilipanda basi siku iliyofuata kwenda kumwambia mpwa wangu.

Nilimkuta anachambua mchele. Nilimweleza yote, na safari hii sikueleza kama niko ubaoni. Nilimwambia nitaandika, nitapanda ngazi za ofisi zote, nitasema kwa mdomo wangu kwamba mimi ndiye niliyemtoa na sikuwa na haki. Alinisikiliza mpaka mwisho, vidole vyake vikiendelea kutafuta mawe katika ungo.

"Akirudi, mjomba," akasema, "nitampa nani?"

Niliokota punje moja iliyoangukia chini.

"Huko aliko, wanampaka mafuta?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Wanamweka ndani ya kioo."

Alipuliza makapi. Nilidhani atalia, lakini aliinuka na ungo wake, akaingia jikoni, nikasikia maji yanamiminwa sufuriani. Baada ya muda akaniletea wali na maharage kwenye mkeka barazani, na maji ya kunawa, akanimiminia mikononi kama inavyompasa mpwa. Kisha akarudi ndani kula chakula chake. Nilikula peke yangu, nikamaliza, nikaaga kwa kupaza sauti mlangoni, naye akaitikia kutoka ndani kwamba nisalimie nyumbani.